Nahodha, Mwalimu na Fundi

Mji Mkongwe wa Unguja umeipa bahari uso na mashamba kisogo, na majina ya kazi yanayosemwa ndani yake yameingia kwa njia zote mbili. Mengi yalishuka kutoka vyomboni pamoja na tende za Basra na mbao za msaji za Malabar. Mengine yalikuja mjini kutoka mikarafuuni. Machache hayakutoka popote, kwani yalikuwamo tangu lugha yenyewe ilipoanza kunenwa pwani. Mtu wa mji huyatumia yote katika siku moja, wala haulizi nasaba zake: asubuhi humwamkia karani, mchana humwita hamali amchukulie mzigo, alasiri humpitia fundi aliyeahidi kumaliza mlango tangu mwezi uliopita, na jioni hubishana na wenzake barazani juu ya mwalimu wa timu yao.

Majina haya yana uzito kuliko yanavyodhaniwa. Mtu aitwaye kwa jina la kazi yake kila siku, mwaka hata mwaka, hufundishwa na jina hilo daraja aliyowekwa, na watoto wake hufundishwa pamoja naye. Kwa sababu hiyo inafaa nasaba hizo zitazamwe.

Katika kitabu kiitwacho Ain-i-Akbari, alichokiandika Abul Fazl kwa Kiajemi mwishoni mwa karne ya 16 katika enzi ya mfalme Akbar wa Bara Hindi, mna orodha ya watu wa merikebu na kazi zao. Mswahili akiisoma orodha ile huwa kama aliyekutana na jamaa zake ugenini. Wa kwanza ni nahodha, mwenye chombo, na jina lake ni la Kiajemi lenye maana ya bwana wa merikebu. Yumo mwalimu, ajuaye nyota, vina na njia za bahari. Yumo serahangi, asimamiaye chombo kinapoingia na kutoka bandarini, na asili ya jina lake ni mkuu wa askari katika Kiajemi. Yumo karani, aandikaye hesabu ya chombo na kuwagawia abiria maji. Watu wanne hawa walikuwa wakisafiri pamoja katika Bahari ya Hindi kabla ya jiwe la kwanza la Ngome Kongwe kuwekwa Forodhani, na wote wanne wangali wanafanya kazi Unguja hata leo, ingawa si wote walio baharini.

Wa kustaajabisha zaidi ni mwalimu. Waswahili wengi hudhani ya kwamba neno hili lilizaliwa chuoni, mbele ya ubao na juzuu, kisha likaenea. Ni kweli kwamba asili yake ni Kiarabu, nalo lina maana ya afunzaye. Lakini katika bahari hii, kwa karne nyingi, mwalimu alikuwa ndiye mwongozi wa merikebu. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alipewa mtu wa kumvusha mpaka Bara Hindi, na waandishi wa Kireno wakaliandika jina la mtu yule kuwa ni Malemo fulani. Wanazuoni wamebishana sana juu ya mtu mwenyewe, kabila lake na nchi yake. Lakini juu ya hiyo Malemo hapana ubishi, maana ni mwalimu aliyeandikwa na sikio la Mreno. Halikuwa jina lake. Ilikuwa ni cheo chake. Mwalimu, basi, alikuwa ni mtu aliyejua njia ambayo wengine chomboni hawakuijua, naye hakuwa mwenye chombo wala mwenye mali iliyomo.

Inafaa kuangaliwa pia jinsi Kiswahili kilivyolipokea neno hilo. Silabi ya mwanzo ya Kiarabu ilifanana na kiambishi cha watu, basi wenyeji wakaitendea kama kiambishi chao, wakasema mwalimu mmoja na walimu wengi. Ndivyo walivyofanya kwa msafiri na wasafiri, mhasibu na wahasibu, mhandisi na wahandisi. Mgeni alivuliwa kilemba mlangoni, akavishwa kofia ya Kiunguja, na baada ya vizazi vichache hapana aliyekumbuka ya kuwa alikuwa mgeni. Nahodha, serahangi na karani hawakupata bahati hiyo. Wao hukusanywa kwa ma-, manahodha, maserahangi na makarani, kama watu wenye vyeo wasimamao kando kidogo ya watu wengine.

Waliposhuka pwani kila mmoja alikwenda zake. Serahangi alibaki gatini. Mombasa, katika karne ya 20, jina hilo lilikuwa la kiongozi wa kundi la makuli, mtu aliyesimama baina ya kampuni na migongo ya wachukuzi. Karani aliacha maji ya abiria akafuata hesabu, akaingia forodhani, akaingia katika maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi, hatimaye akaingia katika ofisi za Serikali ya Himaya, ambako alivaa suruali nyeupe akaogopwa. Siku zile karani alikuwa mtu mkubwa. Aliyejua kuandika ndiye aliyeweza kuandika jina la mtu au kuliacha. Leo cheo chake kimeshuka, na aliyempita ni katibu, ambaye jina lake la Kiarabu halina maana nyingine ila mwandishi. Waandishi wawili walianza safari pamoja: mmoja sasa ni Katibu Mkuu wa wizara, na mwingine hungoja saini yake nje ya mlango. Tofauti yao haimo katika maana ya maneno, imo katika nani aliyaleta na aliyapa nani.

Chombo hicho hicho kilileta pia jina la mwisho katika safu. Topasi, msafishaji wa vyoo na njia, ni neno la Bara Hindi lililopitia kwa Wareno na wazao wao, na katika meli za Waingereza wa Bara Hindi lilikuwa jina la mfagizi wa chomboni. Lilishuka gatini kama serahangi alivyoshuka. Lakini ajabu yake ni kuwa hapana aliyepata kumwita topasi jina lingine la heshima mpaka maofisa wa afya walipotunga maneno marefu ya kuandikia barua. Njiani jina ni lile lile.

Mashambani mambo yalikuwa mengine. Karafuu zilipostawi Unguja na Pemba katika karne ya 19, ulitokea utawala mdogo ndani ya kila shamba kubwa. Juu alikuwa msimamizi, chini yake nokoa, na chini ya nokoa kadamu. Nokoa na kadamu kwa desturi walikuwa watumwa wenyewe, waliopewa mamlaka juu ya watumwa wenzao. Majina haya mawili yamekaribia kufa, na vijana wa mjini wakiulizwa nokoa ni nani huenda wakajibu kwamba ni mdudu. Msimamizi yu hai. Yumo katika mitihani ya shule, katika ujenzi, katika mirathi, wala hapana anayesikia mnyororo katika jina lake, maana kusimama ni kitendo cha kila mtu. Neno lililotokana na kitendo cha kawaida huoshwa na matumizi; neno lisilo na kazi ila kutaja daraja hufa pamoja na daraja hiyo.

Hata hivyo liko neno moja la Kibantu safi ambalo halikuoshwa, nalo ndilo lililo na uchungu kuliko yote. Kitenzi ni tuma. Aliyetumwa na Mwenyezi Mungu ni Mtume, na jina lake hutajwa kwa sala na salamu. Aliyetumwa na binadamu mwenzake, asiyeweza kusema siendi, ni mtumwa. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na sheria ya utumwa ikaondolewa Unguja na Pemba tarehe 6 Aprili 1897, lakini kitenzi hakikuondoka, wala hakikuweza kuondoka. Kutoka katika kitenzi hicho hicho Serikali imepata mtumishi wa umma, na tume za kuchunguza mambo, na utumishi wenye pensheni. Mtume, mtumwa, mtumishi: sauti zinatofautiana kidogo sana, na tofauti yote imo katika nani atumaye na kama atumwaye aweza kukataa. Mtumishi wa umma katika ofisi za Vuga au Shangani hana sababu ya kuona haya kwa jina lake. Lakini wazee wengi wa Unguja hawakupenda mtoto wao aitwe mtumishi wa fulani, wakasema afanya kazi kwa fulani, na masikio yao hayakukosea.

Kibarua naye ana historia iliyofichwa katika udogo wa jina lake. Kibarua ni barua ndogo. Katika karne ya 19 watumwa wa mjini walipelekwa na mabwana zao kutafuta kazi ya kutwa katika maghala ya wafanyabiashara, kupepeta karafuu, kukausha mbata, kusafisha sandarusi, na sehemu ya ujira ikarudi kwa bwana. Kikaratasi cha kazi ya siku ndicho kilichoitwa kibarua, na kwa muda mchache jina la karatasi likahamia kwa aliyeishika. Ni mfano usio wa kawaida wa mtu kuitwa kwa jina la hati yake. Mwenye mshahara ni mtu mwingine, kwa kuwa ndani ya neno mshahara umo mwezi wa Kiarabu, naye hulipwa mwezi uishapo. Baina ya siku moja na siku thelathini ndipo ulipokaa mpaka wa heshima ya mjini. Mgomo mkuu wa mwaka 1948, ulioanzia kwa wachukuzi wa bandarini ukaenea mji mzima, ulikuwa kwa sehemu kubwa mgomo wa watu wa kutwa. Siku hizi mtu aliyefukuzwa kazi, hata awe alikuwa meneja, husemwa kwamba kibarua chake kimeota nyasi, na husemwa kwa kicheko. Kicheko hicho ni cha watu waliokwisha kusahau karatasi.

Boi hakusahauliwa. Mtu mzima mwenye ndevu, mwenye mke na wajukuu, aliyeitwa mtoto wa kiume kwa Kiingereza kila chai ilipotakiwa, alilichukua jina hilo nyumbani kwake Ng'ambo kila jioni. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ndugu lilipewa nafasi mahali pengi palipokuwa na boi na bwana, na kwa miaka kadhaa lilifanya kazi njema. Sasa limedhoofika, na mheshimiwa amelipita.

Bara, mbali na bahari, misafara ilikuwa na maofisa wake. Mbele alikwenda kirangozi, ndugu wa kiongozi wa Kiswahili cha leo, na juu ya wapagazi alikuwa mnyampara, mkubwa wa watu katika nchi ya Wanyamwezi. Pwani ilimpokea huyu wa pili ikamwita mnyapara, kisha wakoloni wakampa kazi ya kusimamia vibarua wa mkonge na wafungwa wa magereza, hata jina la mzee wa kijiji likawa jina la mtu anayepiga kelele. Kongo mashariki, ambako Kiswahili kilifika kwa misafara hiyo hiyo, mtu wa kazi kama hiyo aliitwa kapita, na huyo ni nahodha wa Kireno aliyepotea msituni. Kila nchi ilimpata msimamizi wake kwa njia iliyokuwa wazi kwake.

Yote hayo ni majina ya wenye kuamuru na wenye kuamriwa. Mafunzo yana majina ya namna nyingine, na hapa ndipo penye ubishi wa siku hizi.

Magazeti na redio zimezoea kocha. Neno hilo limefika kutoka Kiingereza, nalo lina safari ndefu nyuma yake: Kocs ni kijiji cha Hungaria kilichosifika tangu karne ya 15 kwa kuunda magari ya kukokotwa na farasi, na jina la kijiji likawa jina la gari katika lugha nyingi za Ulaya. Karibu na mwaka 1830 wanafunzi wa Oxford, kwa mzaha wao, wakampa jina la gari mtu aliyelipwa kumvusha mwanafunzi katika mtihani. Kutoka hapo likaingia katika michezo. Kocha, basi, kwa asili yake ni chombo. Anayefunzwa hupanda, hukaa, akapelekwa.

Lakini Unguja, na Tanzania nzima, mchezaji akisema na kocha uso kwa uso humwita mwalimu. Mwandishi wa habari huandika kocha, mchezaji husema mwalimu amenipanga, mwalimu ameniambia nitulie. Wengine wamelilaumu neno hili kwamba linachanganya uwanja na darasa. Lawama hiyo haina msingi. Katika Uwanja wa Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970, kiongozi wa wachezaji huitwa nahodha na mfunzi wao huitwa mwalimu, na hivyo maofisa wawili wa merikebu ya kale wamekutana tena nchi kavu, pengine bila ya mtu yeyote kuwaalika. Na kazi zao zimegawanyika kama zilivyogawanyika chomboni. Mmoja ana amri mbele ya watu wake, na mwingine anaijua njia. Ikiwa lazima kuchagua baina ya gari na mtu ajuaye njia, lugha ilikwisha kuchagua kabla ya gari kufika.

Heshima ya neno hilo si ya uwanjani tu. Julius Nyerere, aliyefundisha Tabora na Pugu kabla ya siasa, aliitwa Mwalimu mpaka kufa kwake mwaka 1999. Seif Sharif Hamad, aliyefundisha sekondari kabla ya siasa vilevile, aliitwa Maalim mpaka kufa kwake mwaka 2021. Tofauti ya mwalimu na maalim ni ya upana wa maji baina ya Dar es Salaam na Unguja: ng'ambo moja neno limevuliwa kilemba, ng'ambo ya pili limeachiwa.

Liko shina la pili la mafunzo, nalo halikupanda chombo chochote. Ni fund-, na linajulikana Kusini mwa Afrika kama linavyojulikana Unguja. Kwa Wazulu, kufunda ni kujifunza na kusoma, umfundi ni mwenye kujifunza, na umfundisi ni mwalimu wa dini. Kiswahili kimezaa kutokana nalo funza, fundisha, mafunzo, mwanafunzi, mkufunzi, na kufunda mwali. Na limezaa fundi. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilimweleza fundi kuwa ni mtu aliyebobea katika kazi, na kwa hiyo awezaye kuwafunza wengine. Sehemu ya pili ya maelezo hayo imesahauliwa. Mtu wa leo humjua fundi kuwa ni atengenezaye: fundi saa, fundi cherehani, fundi bomba. Lakini kwa nasaba yake fundi ambaye hapana ajifunzaye kwake ni nusu ya fundi, na jambo hilo limekuja kudhihirika kwa njia ya huzuni. Mji Mkongwe uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka kazi ya kulitengeneza ikiendelea. Saruji haikai vema juu ya kuta za mawe ya matumbawe. Panatakiwa watu wajuao kuchoma chokaa, kuichanganya, kuingoja, na kupanga boriti za mikoko. Elimu hiyo haikuandikwa sana. Ilikaa mikononi, ikahama kutoka mkono kwa mkono, na kila fundi wa chokaa aliyekufa bila ya kijana pembeni yake alikwenda na sehemu ya mji.

Wanawake wa Unguja walilijua jambo la kufunda kwa namna ya karibu zaidi. Msichana aliyevunja ungo alipewa somo, mwanamke mmoja, wake peke yake, wa kumweleza mwili wake, usafi, adabu na mambo ya ndoa; na siku ya harusi somo alirudi kukaa naye. Kungwi aliwaongoza wengi katika unyago, na Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 na ambaye dunia ilimjua kwa sauti yake, alijulikana kwao kwa kazi hiyo pia. Somo alikuwa wa mmoja. Jina lake linatokana na kusoma, na ndilo jina la kipindi cha darasani. Siku hizi maofisi na mahoteli huajiri mtu wa kukaa na meneja mmoja, kumsikiliza, kumwelekeza na kumrudia, na mtu huyo hana jina lililotulia: mara mkufunzi, mara mshauri, mara mlezi, mara kocha. Kazi yake yote ilikwisha kuwa na jina Unguja. Yamkini, hata hivyo, hapana mkurugenzi atakayekubali itangazwe kwamba amepewa somo.

Kwa upande wa mafundi, Serikali sasa ina mafunzo ya uanagenzi, na mwanagenzi ni neno zuri la kale kwa kijana aliye chini ya fundi. Hupewa cheti mwishoni. Cheti kina tarehe, na kwa tarehe hiyo ofisi hujua lini kijana amekuwa fundi. Katika karakana za milango huko Mji Mkongwe na Ng'ambo haijulikani hivyo. Kijana hufagia takataka za mbao, hushika ncha ya ubao, hunoa patasi, hupiga randa, kisha huachiwa ua moja la pembeni achonge, mahali ambapo kosa halionekani sana. Miaka hupita. Fundi humwita kijana, au humwita kwa jina lake. Halafu siku moja huja mteja asiyewajua, akasimama mlangoni, akamtazama aliye karibu, akasema, "Fundi, mlango huu kiasi gani?" Kijana hugeuka kumtazama mkubwa wake. Mkubwa wake ameinamia kazi. Amesikia, wala hasemi neno.